Sikukuu hazituuwi waajiri, kinachotuumiza ni kushtukizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua za wasomaji, na naomba msinikatie sana maana mi nikianza hili jambo huwa simalizi haraka. Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya kaka mmoja mfanyabiashara, alisema sikukuu za nchi hii zimezidi, zinaua biashara, serikali ipunguze ata nusu na isithubutu kuongeza nyingine. Nliisoma nikiwa nimekaa kwenye viroba vya ngano nasubiri gari la mzigo, nikairudia mara mbili, alafu nikampa fundi wangu wa oveni naye akasoma. Hakusema kitu, alinirudishia tu gazeti akaendelea kupaka mafuta trei. Huko kunyamaza kwake ndo kumenifanya niandike.

Mi ni mwajiri pia. Nina bekari ndogo hapa Igoma, Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa, tuko na watu tisa, watano wanaoka usiku, wadada wawili wanafunga kwenye mifuko alfajiri, kijana mmoja wa toyo anasambaza kuanzia Kisesa mpaka Mabatini na mwingine tunamtuma Nansio kwa meli mara mbili kwa wiki maana Ukerewe tuna wateja wetu wa siku nyingi. Kwaiyo sikukuu ikija inanigusa mfukoni kweli, sizungumzi kwa kusikia.

Kwanza tuhesabu pamoja. Mwaka Mpya, Mapinduzi, Karume, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Muungano, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, siku ya Nyerere, Uhuru, Krismasi na kesho yake, Idd el Fitri siku mbili, Idd el Hajj, Maulidi. Hizo ni 17. Ukizisoma hivo kwa mfululizo ni nyingi kweli, lakini chukua kalenda uone zinavyoangukia. Mwaka 2026 Muungano ni Jumapili, Nane Nane ni Jumamosi, na ile siku inayofuata Krismasi nayo ni Jumamosi. Kwetu huku Bara sikukuu ikiangukia Jumapili ndo imeisha hivo, haihamishiwi Jumatatu kama wenzetu Kenya ambao sheria yao inaisogeza. Mwaka 2023 Ijumaa Kuu na Karume Day zilikutana siku moja, tarehe 7 Aprili, mbili zikawa moja na hakuna mwajiri aliyeandika barua kwa mhariri kushukuru. Ila kwenye hiyo hiyo 2026 kuna ile Pasaka ambayo Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6 na Karume tarehe 7, yani ukichanganya na wikiendi ni siku tano ofisi nyingi zimefunga, na hapo namuelewa kaka yangu kabisa, mtu mwenye malori au mwenye mzigo unaosubiri karatasi ofisini siku tano ni nyingi. Lakini siku hizo tano zinajulikana toka kalenda inachapishwa. Mi nlianza kuzipangia toka Januari, ngano nkanunua mapema, pesa ya mishahara nkaitoa kabla.

Sasa gharama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 25, inasema mtu akifanya kazi siku ya sikukuu unamlipa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Sio soda wala nauli, mara mbili. Nakiri hapa mbele ya wasomaji kwamba miaka mitatu ya kwanza sikuwa nalipa hivo, nlikua nagawa mikate minne minne na elfu tano, nkawa najiona nimetoa. Sio kwamba nlikua najua nikaficha, sikuwa nimewahi kuifungua hiyo sheria. Siku moja, ilikua Nane Nane, watu wote wanaelekea Nyamhongolo kwenye maonyesho, huyu huyu fundi wangu akanifuata taratibu akasema, "Mayu, samahani, naomba kuuliza, ile ya leo inahesabiwaje?" Nikamjibu kwa ukali kidogo. Usiku sikulala. Kesho yake nikaenda kwa mjomba wangu mmoja aliyewahi kuwa kwenye chama cha wafanyakazi, akanionyesha kifungu chenyewe, kwa Kiswahili cha kueleweka, hakina kona.

Nikafanya hesabu. Mtu wangu wa oveni wa kawaida anapata 234,000 kwa mwezi. Unagawa kwa 4.333 ndo upate wiki, alafu unagawa kwa saa 45 ambazo ndo mwisho wa saa za kawaida kwa wiki, inakuja kama 1,200 kwa saa. Akifanya saa nane ni 9,600, na ikiwa sikukuu ni 19,200. Yani nyongeza yangu mimi kwa mtu mmoja ni 9,600, na sikukuu huwa nabaki na watu watano, kwaiyo ni 48,000 kwa siku nzima. Nlikua naogopa kitu cha 48,000! Na mikate siku ya sikukuu inatoka kuliko siku ya kawaida, mkesha wa Idd na mkesha wa Krismasi mimi ata wale wa maduka ya mangi ambao huwa wananikopa wanakuja na keshi mkononi.

Alafu kuna kitu kilitokea baada ya kuanza kulipa hivo ambacho sikukitegemea. Kabla yake kila sikukuu nlikua napata mesenji za wasap kuanzia saa kumi jioni, mama naumwa, bosi mtoto amezidiwa, dada nimefiwa na jirani, mpaka mwenyewe naingia jikoni kukanda na mume wangu anaingia. Sasa hivi wanagombania zamu. Tumekaa tukakubaliana, Idd wanashika wakristo, Krismasi na Pasaka tunashika waislamu, mimi mwenyewe nikiwemo, na zile za serikali kama Saba Saba na Uhuru tunazungusha kwa zamu, imeandikwa ukutani pembeni ya mita ya LUKU. Kaka yangu wa ile barua aliandika kwamba wafanyakazi wa Tanzania wanapenda sikukuu kuliko kazi. Mi naona mtu anapenda sikukuu pale ambapo kazi ya siku ile haina tofauti na kuchukuliwa tu nguvu zake.

Sasa nije kwenye kinachoniumiza mimi kama mwajiri, maana kipo. Ni siku nisiyoijua.

Mkate hausubiri. Unga ukishakandwa na hamira imeshaingia huwezi kuuambia kalale tutaonana keshokutwa. Mwaka mmoja, Idd el Fitri, mahesabu yangu yalikua Idd ni keshokutwa, nlikua nimefunga mwenyewe na nyumbani tumeshaamini tuna siku moja zaidi ya kufunga. Nina oda ya shule mbili za kutwa na kambi moja ya wajenzi, jumla mikate 300. Tumeanza kukanda toka jioni, kufika saa tatu usiku redio inatangaza mwezi umeandama. Nikafurahi kama muislamu na hapo hapo moyo ukanyong'onyea. Asubuhi shule zimefungwa, kambi haina mtu, na maduka ya mtaani yote yalikua tayari yana mzigo wangu wa jana yake. Mkate mmoja jumla nlikua natoa 1,200, piga mara 300, ni 360,000 imekaa kwenye trei inaniangalia. Nyingine tuligawa msikitini, nyingine watu wa nguruwe huko Buswelu wakachukua kwa bei ya kutupa.

Linganisha basi. 48,000 ya kulipa watu wangu haki yao na 360,000 ya kutojua. Hasara ya usiku mmoja ule ni sawa na nyongeza ya sikukuu saba na nusu. Ndo maana nasema huyu kaka anapiga risasi mti wakati nyoka yuko chini.

Na simlaumu mtu kwa mwezi, mwezi ni wa Mungu. Hapa ziwani tunaujua kuliko watu wengi maana wavuvi wa dagaa kalenda yao ni hiyo hiyo, wanaingia ziwani na taa zao kwenye giza, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa basi mitumbwi inavutwa nje, watu wanashona nyavu, wengine wanapanda basi kwenda kusalimia nyumbani. Ile ndo sikukuu yao, hakuna aliyewatangazia na hakuna anayesema inaua biashara ya dagaa soko la Mwaloni, kila mtu pale Kirumba anajua wiki gani mzigo utakuwa mdogo na bei itapanda, mchuuzi wa Kongo anajua, mama wa kuanika anajua, mwenye gari anajua. Na angalia, Idd inaingia mwezi ukiwa mwembamba, yani katikati ya giza lao, ndo wakati wa kuvua haswa, kwaiyo muislamu wa kwenye mtumbwi anachagua mwenyewe na tajiri wake anajua mapema kwamba usiku ule watu watapungua. Miaka na miaka wanakwenda hivo. Mimi baada ya ile hasara nikajifunza kwao, siku mbili za mwisho wa Ramadhani naoka kwa awamu, nusu jioni na nusu saa nane usiku baada ya tangazo, na wateja wa shule nimewaambia oda ya siku hizo wanithibitishie kwa simu usiku. Sijapoteza tena.

Kwaiyo ninachoomba kwa serikali sio kupunguza. Ni hizi siku za nyongeza, zile zisizo kwenye kalenda. Msiba wa taifa hauna taarifa, Rais Magufuli alipofariki Machi 2021 na tarehe 22 ikawa mapumziko hakuna mtu Mwanza aliyeuliza habari ya mikate, tulikua tunalia, na wiki ile ile mwili ukapitishwa hapa Kirumba uwanjani kabla ya kwenda Chato. Hapo sina neno. Wenzetu Kenya nao tarehe 10 Mei 2024 walipumzika kuomboleza waliokufa kwa mafuriko, ikatangazwa siku mbili tu kabla, na kwa jambo kama lile utasemaje.

Lakini uchaguzi? Sensa? Siku ya kupiga kura inajulikana miezi kabla, tume inaitangaza na ratiba yake yote. Zamani tulikua tunapiga kura Jumapili, 2010 ilikua Jumapili, 2015 ilikua Jumapili, haikua na swali la mapumziko. Tarehe 28 Oktoba 2020 ikawa Jumatano, ikafanywa siku ya mapumziko, na 29 Oktoba 2025 tena Jumatano, tena mapumziko. Sensa ya 23 Agosti 2022 ilikua Jumanne, nayo hivo hivo. Mimi sipingi, mtu apate nafasi ya kupiga kura na ya kuhesabiwa bila kuogopa bosi wake. Ninachouliza ni kwamba kama tarehe inajulikana mapema hivo, kwa nini tamko la mapumziko lisitoke siku ile ile tarehe inapotangazwa? Karatasi ni ile ile, wino ni ule ule. Mimi nikijua miezi miwili kabla, siku ile nakata oda za maofisini, naongeza za mtaani, napanga zamu, nalipa mara mbili bila kunung'unika. Nikijua wiki ile ile, nabaki nahangaika na simu.

Kuna jambo lingine kaka amelichanganya nalo naomba nilitenganishe, gharama za sherehe na gharama za siku. Aliandika kuhusu mabilioni ya magwaride, maturubai na mafuta ya magari. Hiyo sio hasara ya mwajiri, hiyo ni bajeti ya serikali, na inaweza kupunguzwa bila mfanyakazi kunyang'anywa siku yake. Sisi wa Mwanza ndo mashahidi wa kwanza. Mwaka 2016 Rais Magufuli alifuta sherehe za Muungano na zile pesa, zaidi ya bilioni mbili, akaagiza ziletwe hapa kupanua barabara ya Airport. Wote tunaipita ile barabara. Na Aprili 26 ile watu walipumzika nyumbani kwao vizuri tu, siku ilibaki ni ya mapumziko. Miezi michache kabla ya hapo, 9 Desemba 2015, Uhuru tuliushika fagio, kipindupindu kilikua kinasumbua, gwaride hakuna. Kwaiyo inawezekana.

Watasema nchi za nje zinapunguza. Kweli zipo, Denmark wamefuta sikukuu yao moja ya kanisa kuanzia 2024 ili wapate pesa za ulinzi, lakini ata wao wafanyakazi wameongezewa kidogo kwenye mshahara kufidia ile siku, haikuchukuliwa bure. Ureno walikata sikukuu nne kuanzia 2013 kwa sababu ya hali ngumu, 2016 wakazirudisha zote nne. Mi sio mchumi ila naona hapo kuna kitu cha kujifunza kabla hatujakimbilia mkasi.

Na sasa nisemee watu ambao kwenye barua ile hawakutajwa ata mstari mmoja. Vibarua. Kaka alihesabu hasara ya mwajiri peke yake. Nina jirani yangu, dada wa watu na watoto watatu, yeye anafanya kibarua kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, analipwa kwa siku aliyoingia. Sikukuu kiwanda kikifunga yeye anakula nini? Hana mara mbili, hana ata mara moja. Ile Pasaka ya siku tano alikuja kwangu kukopa mikate ya watoto, na nlimpa, lakini niliumia kwa sababu mwanamke huyu yuko pale kiwandani siku sita kwa wiki toka mtoto wake wa mwisho hajazaliwa na mtoto sasa anasoma chekechea. Huyo ni kibarua wa namna gani? Mtu wa siku sita kwa wiki kwa miaka mitano ni mfanyakazi, mpe mkataba, na sikukuu iwe yake kama ilivyo ya karani wa ofisini. Kwenye suala zima la sikukuu hapa ndo pananikera kuliko pote, kwamba wanaolalamika kuwa zinawagharimu mara nyingi ndo ambao wameshazitua kwenye mabega ya mtu anayelipwa kwa siku. Mimi pia nlikua na wadada wawili wa kufunga niliowalipa kwa siku. Toka mwaka juzi nao wana mkataba, inaniongezea mzigo ndio, na faida ya mwezi imepungua, lakini bekari haijafungwa.

Na wale ambao biashara zao kweli siku ikifungwa hakuna kinachoingia, fundi magari, mtu wa steshenari anayetegemea maofisi, mwenye lori la kwenda Isaka, naomba nao waandike, wasiachie watu wenye sauti kubwa peke yao. Inawezekana wao 17 kwao ni nyingi kweli na wana hesabu zao kama mimi nilivyo na zangu. Ila walete hesabu. Waseme siku hii nililipa watu kiasi hiki, nilikosa kiasi hiki, kesho yake nikarudisha kiasi hiki, maana mara nyingi mteja aliyekosa huduma Jumatano anakuja Alhamisi na gari lake lile lile, kazi haijapotea imesogea. Kwangu mkate wa jana ndo haurudi.

Namalizia kwa kumualika huyo kaka yangu, kwa heshima kabisa, aje Igoma usiku wowote kuanzia saa nne, asiogope joto. Daftari langu la zamu na la mishahara nitamfungulia, miaka minane yote iko mle, na fundi wa oveni atakuwepo, yeye naye ana maneno yake nadhani.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa bekari, Igoma, Mwanza